Vitu vya Juzi: Mafunzo Niliyopata Katika Akiolojia ya Kihistoria

Ukimwambia mtu Tanzania kwamba unasomea akiolojia, atakuuliza habari za Olduvai. Fuvu la Zinjanthropus aliloliona Mary Leakey mwaka 1959 na nyayo za Laetoli zimetuzoesha kuhesabu kwa mamilioni ya miaka, na asiyeyataka mamilioni hukimbilia Kilwa, kwenye masultani na misikiti ya mawe. Mimi katika shahada ya uzamili nilichagua karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20: misafara ya pembe, watumwa na shanga katika bonde la mto Pangani, kisha reli, mkonge na kambi za manamba. Somo la akiolojia linafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1985, na mmoja wa waasisi wake, Peter Schmidt, alikwisha kuchapisha kitabu mwaka 1978 kuonyesha, kwa mfano wa Buhaya, kwamba simulizi za wazee na tabaka za udongo zinaweza kusomwa pamoja. Hata hivyo wenzangu waliniuliza, tena bila utani: hivyo vya juzi unavichimbia nini? Haya ni baadhi ya niliyojifunza nikilitafutia swali hilo jibu.

1. Kigae cheupe nacho ni ushahidi

Watu wakitembea shambani kutafuta dalili za makazi ya zamani, kigae cha chungu chenye mistari ya kuchorwa hupokewa kwa shangwe. Kigae cheupe chenye ua la bluu hutupwa. "Hiyo si sahani ya bibi tu?"

Kichukue ukioshe. Ua lile halikuchorwa kwa brashi. Limegongwa kwa kipande cha sponji kilichokatwa umbo la ua na kuchovywa kwenye rangi, ndiyo maana ua la mwisho katika mduara mara nyingi linalalia la kwanza: nafasi ilikwisha, na kiwandani hakuna aliyelipwa kwa kupima. Bakuli za namna hiyo zilitengenezwa Maastricht, Uholanzi, na Scotland, zikaja Zanzibar kwa meli, zikaingia bara vichwani mwa wapagazi. Kitako kikibaki na muhuri wa kiwanda cha Petrus Regout au cha Société Céramique, unapata tarehe ya karibu kuliko utakayopewa na maabara. Kipimo cha kaboni, ambacho wenzangu wa enzi za kale wanakitegemea, hakina msaada mkubwa kwa vitu vya baada ya katikati ya karne ya 17. Majibu huja yametawanyika kiasi cha kuweza kuangukia utawala wowote unaoupenda.

Shanga zina hadithi yake. Nyingi zilitoka Venice, lakini rangi hawakuchagua Waitalia. Kila nchi ya bara ilikuwa na shanga iliyoitaka na iliyoikataa, na mfanyabiashara aliyefika na rangi iliyopitwa na wakati aliweza kulala njaa huku mizigo yake imejaa. Kwa hiyo shanga zilizobaki kwenye kituo cha misafara zinamweleza mnunuzi zaidi ya muuzaji. Na ujue pia kisichoonekana. Merikani, ile nguo ya pamba iliyotoka Marekani, ilikuwa fedha ya njia nzima, lakini udongo wetu haujaacha hata uzi. Anayehesabu alichokipata peke yake ataandika historia ya vyombo vya kulia.

2. Soma sheria kabla ya kusoma udongo

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Ndani yake kuna mwaka ambao mtu wa fani yangu huukariri kama namba ya simu ya nyumbani: 1863. Kilichotengenezwa na binadamu kabla ya hapo kinalindwa moja kwa moja. Cha baadaye, kwa sehemu kubwa, kinangoja Waziri akitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Milango na fremu za kuchongwa zimebahatika, zimepewa hadi 1940. Kenya, katika sheria yao ya 2006, wameweka 1895, mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake huko. Zanzibar ina sheria zake.

Sasa weka mambo yenyewe kwenye mstari huo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Biashara ya pembe ilishamiri nusu ya pili ya karne ya 19. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, mwaka huohuo ambao Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo 62 likaja zao lililobadili sura ya Tanga nzima. Karibu yote ninayoyasomea yameangukia upande usiolindwa.

Nimesimama kwenye shamba jipya la mkonge ambalo trekta lilikuwa limepita asubuhi. Kwenye matuta palikuwa na shanga nyekundu, vigae vyeupe na kipande cha risasi, vyote vimegeuzwa juu chini, tabaka halisomeki tena. Msimamizi wa shamba alitukaribisha vizuri, akatupa maji ya kunywa. Hakuwa amevunja sheria yoyote. Siku hiyo nusu ya pili ya shahada yangu, usimamizi wa urithi wa utamaduni, ambayo wengi huiona kama nyongeza kwa wasiopenda jua, ilianza kuniingia akilini: ramani, mmiliki wa ardhi, hoja ya umuhimu wa eneo, barua. Tangazo la kwenye Gazeti huanzia kwa mtu aliyeketi akaandika.

3. Kijijini utaulizwa dhahabu ya Mjerumani

Vibali havina mkato. Unahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, leseni ya uchimbaji ya Idara ya Malikale, barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, mpaka umfikie mwenyekiti wa kijiji. Ukimaliza zote ndipo unakutana na suala lenyewe. Sehemu nyingi za bara watu wanaamini kwamba Wajerumani, walipokuwa wanarudi nyuma katika Vita vya 1914 hadi 1918, walifukia mali na kuweka alama kwenye mawe. Kuna watu wamechangishana fedha kumlipa mtaalamu wa alama hizo. Sasa mtu anakuona unakuja na mashine juu ya miguu mitatu, unachungulia ndani, unaandika. Wewe ungefikiri nini?

Shimo letu moja lilichimbwa usiku na watu wengine. Tulipofika asubuhi kuta zote zilikuwa zimeanguka. Dawa tuliyoipata haikuwa mlinzi. Vijana wa kazi wakateuliwa na kijiji chenyewe, walimu wakaja na wanafunzi wao, na kila jioni mifuko ya siku ikafunguliwa hadharani kabla ya kufungwa, orodha ikabaki ofisi ya kijiji. Kuna mzee alikuwa hakosi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmepata?"

"Tumepata magae, mzee, na mifupa ya mbuzi."

"Mbuzi." Akaukunja mkeka wake kidogo, akaufungua tena. "Mtu asome miaka yote hiyo, aje kutafuta mbuzi waliokwisha kuliwa?"

Watu wakacheka, mimi pia. Lakini alikaa, akaomba kuiona hiyo mifupa. Alikuwa amefuga maisha yake yote. Akachukua taya moja, akapitisha kidole kwenye meno, akasema huyu hajakomaa; akachukua la pili, huyu hajakomaa; la tatu vilevile. Akauliza ni nani anayechinja mbuzi wadogo hivi, maana mfugaji hafanyi hivyo, mfugaji huchinja beberu aliyechoka au jike tasa. Ni mtu anayenunua ndiye anayekula mbuzi wadogo. Swali hilo lilinipa sura moja ya tasnifu: kituo kilicholishwa na wafugaji wa jirani, kwa malipo, na wapita njia wenye cha kulipia.

4. Kuna unayoyajua ambayo hupaswi kuyaandika

Hili halimo kwenye vitabu vya kuchimba. Ukiuliza barazani, mbele za watu, habari za utumwa, jibu ni moja: hapa hapakuwa na watumwa, walipitishwa tu. Jioni, jikoni, mama mmoja akipepeta mchele atakwambia bila kuulizwa kwamba ukoo ule wa ng'ambo ya kijito "waliletwa". Kisha atanyamaza, na utajua mazungumzo yamekwisha.

Jambo lenyewe halijafa. Linaibuka kwenye posa, kwenye mirathi, na hasa kwenye mashamba: nani ni mwenyeji na nani alikaribishwa. Wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walichukuliwa kutoka maeneo haya wakauzwa mpaka bonde la Juba, Somalia, na wajukuu zao hawakusahau Kizigua. Vita ya 1991 ilipowatoa huko, baadhi yao walirudi kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na wengi wakapata uraia. Habari hiyo inajulikana, imeandikwa, nayo haimdhuru mtu. Ya ng'ambo ya kijito ni tofauti.

Chuo hutaka fomu ya ridhaa yenye sahihi. Kijijini sahihi huogopwa kuliko kinasa sauti, kwa sababu sahihi ndiyo iliyowahi kuondoa mashamba. Tuliomba ridhaa kwa sauti. Majina ya koo hayamo katika tasnifu yangu, wala ramani haionyeshi nyumba, inaonyesha eneo tu. Mtahini mmoja alilalamika kwamba msomaji hawezi kuyahakiki madai yangu. Alikuwa na haki ya kulalamika, nami ningefanya vilevile tena. Jambo linaloweza kumnyang'anya mtu shamba lake mwaka huu linaweza kungoja.

5. Waandishi wetu walitangulia

Mtaalamu wa enzi za mawe hana haja ya Nyaraka za Taifa. Sisi hatuna ruhusa ya kuzikwepa. Mafaili ya Kijerumani yaliyoko Dar es Salaam yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi, kwa hiyo nilijifunza herufi kabla ya lugha. Zanzibar, kwenye Nyaraka za Kilimani, mambo ni mengi zaidi na joto ni lilelile.

Kilichonishangaza ni orodha za marejeo za tasnifu zetu. Burton yumo, Krapf yumo, Stanley yumo, wageni wote kutoka Ulaya. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, hayumo au yumo kupitia tafsiri. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye Desturi za Wasuaheli aliyoiandika ilichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, hayumo kabisa. Huyu alijua safari za bara zinavyofungwa, na alijua chombo gani kinakaa wapi ndani ya nyumba ya pwani. Nilipokuwa na kibakuli kisicho na kazi inayoeleweka, niliwauliza hao kwanza, nikamuuliza Burton baadaye.

6. Penseli

Lebo mbili, moja ndani ya mfuko na moja nje, zote kwa penseli. Wino hauvumilii jasho wala mvua. Mfuko usio na lebo ni taka hata ukiwa na dhahabu ya Mjerumani.

7. Chokaa haitaki kuharakishwa

Tulipelekwa Kilwa kwa mafunzo ya uhifadhi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakatolewa 2014. Kutolewa huko kuna mikono ya mafundi ndani yake, na kwangu wao ndio waliokuwa wahadhiri.

Jiwe la matumbawe linapumua. Ukilifunika kwa saruji, iliyo ngumu kuliko jiwe lenyewe, maji na chumvi hukosa pa kutokea, na ukuta huanza kumeguka nyuma ya plasta iliyo nzima. Ndiyo maana fundi mkuu hakuanza kwa kutazama. Alipita akiugonga ukuta kwa kifundo cha kidole huku ameweka sikio karibu, na pale palipolia utupu alitia alama ya mkaa: hapo plasta imeachana na jiwe. Chokaa yenyewe huchomwa kwa matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo, ikazimwa kwa maji, ikaachwa iive kwa miezi. Mfadhili mwenye ratiba ya robo mwaka halielewi hilo.

Majengo ya karne ya 19 yanaumia zaidi: kwa kuwa yanaonekana bado mapya, watu huyatia saruji bila wasiwasi. Beit el Ajaib ya Zanzibar ilijengwa 1883, enzi za Sultan Barghash. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, sehemu yake iliporomoka na watu wakafa.

8. Ajira iko kwenye mabomba na barabara

Wengi tuliosoma pamoja hatufanyi kazi makumbusho. Sheria ya Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa, na ndani ya tathmini hiyo kuna nafasi ya mtu wa malikale. Bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443. Fikiria ni makaburi mangapi, mizimu mingapi na mahame mangapi mstari kama huo unaweza kukutana nayo. Makaburi yana sheria yake, ya 1969, inayoeleza namna ya kuyahamisha na kufidia. Sheria haielezi kwamba familia itataka sanda mpya, ubani na kisomo, na kwamba hayo yote yanapaswa kuwa kwenye bajeti kabla tingatinga halijawashwa. Hayo unayajua ukiwa umekaa na watu.

Kwenye mradi mmoja, ambao sitautaja, nilitakiwa nijaze kwamba hakuna urithi uliopatikana, kwa hoja kwamba vigae vyangu ni vya juzi na havimo katika sheria. Kumbe waliokopesha fedha walikuwa wamejifunga kwa Kiwango namba 8 cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, ambacho kinatambua urithi wa utamaduni hata kama nchi haijaulinda kisheria. Nilikiweka mezani kikiwa kimepigiwa mstari. Njia ilisogezwa kidogo. Tangu hapo huwaambia wanafunzi: mkataba wa mkopo nao ni usomaji wa darasani.

9. Mwongoza watalii anasikilizwa na wengi kuliko wewe

Tasnifu husomwa na mtahini, na msimamizi wako akipata nafasi. Mwongoza watalii anasimulia kila siku, na anachosimulia ndicho kinachoondoka na wageni. Zanzibar, pale Mkunazini, jiwe la msingi la kanisa lililojengwa mahali pa soko la watumwa liliwekwa 1873, mwaka uleule soko hilo lilipofungwa, na jengo lenye vyumba vya chini ambavyo wageni huonyeshwa kama mahabusi ya watumwa liliinuliwa na wamisionari miaka mingi baadaye. Soko lilikuwapo, mateso yalikuwapo. Vyumba ndivyo vyenye walakini. Bagamoyo nako kila ukuta mnene una hatari ya kuitwa gereza la watumwa.

Nilibishana kwa urafiki na kijana mmoja anayetembeza wageni huko. Nilimwambia kuwa wapagazi wengi wa njia ya kati ya misafara walikuwa Wanyamwezi waliolipwa ujira kwa nguo, waliodai posho yao na kugoma wasipoipata, na kwamba mwanahistoria Stephen Rockel amewaandikia kitabu kizima.

"Sasa kaka, walilipwa? Na minyororo nitaiweka wapi?"

Tuliiweka palepale ilipokuwa, maana msafara mmoja uliweza kuwa na mpagazi wa ujira mbele na mateka nyuma, wote wakila posho ileile, mmoja akihesabu nguo atakazopata na mwingine hajui anakopelekwa. Nilipomaliza akasema hiyo ni nzuri zaidi, ila mimi nimeiandika wapi? Tasnifu yangu iko kwa Kiingereza, kwenye rafu ya maktaba. Alitaka ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye majina ya vituo na tarehe, wa kukunja mfukoni. Kuuandika kulinitoa jasho kuliko sura yoyote ya tasnifu. Yeye na wenzake nakala yao wameikata na kuijaza maandishi ya pembeni, na vituo viwili nilivyovitaja wanasema nimeviweka upande usio wake wa mto. Msimu wa kiangazi ukifika tutakwenda kuvitazama pamoja.